Kisa cha Jimmy Scott: mkataba mmoja, santuri mbili zilizozikwa

Mwaka 1962 mwimbaji na mpiga piano Ray Charles alikuwa juu kabisa. Nyimbo zake zilikuwa zikiongoza chati za Marekani, alikuwa ameanzisha kampuni yake ya kurekodi iitwayo Tangerine, na hakuna aliyeweza kumpangia amrekodi nani. Akamwita studio mwimbaji wa Cleveland, James Victor Scott, ambaye kwenye kumbi alijulikana kama Little Jimmy Scott, mtu wa miaka 37 hivi. Ray akakaa kwenye piano na kazi ya kuimba akamwachia mgeni wake. Mipangilio ya vyombo iliandikwa na Marty Paich na Gerald Wilson. Zikapatikana nyimbo kumi za mapenzi, zote za taratibu, na santuri ikapewa jina *Falling in Love Is Wonderful*.

Haikukaa madukani. Herman Lubinsky, mwenye kampuni ya Savoy huko Newark, New Jersey, alijitokeza na madai kwamba Scott bado amefungwa na mkataba aliosaini na Savoy, kwa hiyo hakuna mwingine mwenye haki ya kumrekodi. Tangerine wakaiondoa sokoni. Nakala chache zilizokuwa zimeshauzwa ziligeuka mali ya wakusanyaji, na kwa miaka kama 40 santuri hiyo ilisifiwa zaidi na watu waliosikia habari zake kuliko waliowahi kuisikiliza yenyewe.

Kisa cha Jimmy Scott husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema sauti yake ilikuwa ya ajabu mno kwa zama zake, watu hawakujua waiweke wapi. Wapo wanaomtupia Lubinsky lawama zote. Hoja ya kwanza inaporomoka ukitazama chati za 1950, na nitaifikia. Ya pili ina ukweli mwingi, lakini inampa Lubinsky ukubwa ambao hakuwa nao. Savoy ilikuwa kampuni ndogo yenye sifa ya ubahili. Alichokuwa nacho ni karatasi, na karatasi ya namna ile hushinda pale tu upande wa pili unapoona hakuna faida ya kugombana. Ninavyoona mimi, swali la msingi ni kwa nini kila aliyeguswa na jambo hili aliona rahisi zaidi kumwacha Scott aende.

Tuanze na sauti, kwa kuwa ndiyo iliyomleta na ndiyo iliyotumiwa kumficha.

Scott alizaliwa Cleveland, Ohio, tarehe 17 Julai 1925, wa tatu katika watoto kumi. Mama yake, Justine, alipiga piano kanisani na ndiye aliyewafundisha watoto kuimba. Jimmy alipokuwa na miaka 13 mama huyo aligongwa na gari akafa, na watoto wakatawanywa, kila mmoja akaenda kulelewa mahali pake. Miaka hiyohiyo ya ujana ndipo ilipojulikana kwamba mwili wake haubalehi. Alikuwa na tatizo la kurithi liitwalo ugonjwa wa Kallmann: ubongo hautoi ishara ya kuanzisha homoni za balehe, basi sauti haivunjiki, ndevu hazioti, na ule urefu wa ghafla wa miaka ya balehe hautokei. Kwa miaka mingi hakufika hata futi tano. Inaelezwa kuwa alipokaribia miaka 40 ghafla alirefuka inchi kadhaa, jambo lililowashangaza waliomjua.

Kwa hiyo alibaki na sauti ya juu ambayo masikio mengi yaliipokea kama ya mwanamke, ila ndani yake kulikuwa na pumzi na uzito wa mtu mzima. Lakini mtu akiishia hapo atakuwa amesikia nusu tu. Ustadi wake hasa ulikuwa katika muda. Bendi inapopiga mwanzo wa mstari, yeye bado yuko kwenye neno la mstari uliopita, analivuta. Besi inabadilisha noti chini yake, naye hajali. Kisha anayamwaga maneno matatu manne kwa pamoja na kukutana na bendi mwishoni mwa mstari, kama abiria anayetembea taratibu kuelekea gari linaloondoka na bado akalipanda. Kila mwimbaji wa jazi huchelewa kidogo nyuma ya mapigo. Scott alichelewa kiasi kwamba msikilizaji wa mara ya kwanza hudhani amepotea. Hakupotea. Ukimfuata kwa makini utagundua kwamba ukimya alioupachika katikati ya mstari una urefu uleule wa neno lililokosekana.

Kuimba namna hiyo kunahitaji wimbo wa taratibu, bendi yenye subira na nafasi ya kutosha. Kunahitaji santuri ndefu, ile ya dakika ishirini kila upande, ambayo mtu huiweka usiku akaiacha iende. Hili lishike, tutalirudia.

Baada ya miaka ya kuzunguka na maonyesho ya mcheza ngoma Estella Young, aliyejulikana kama Caldonia, Scott aliingia mwaka 1948 kwenye bendi ya Lionel Hampton. Hampton ndiye aliyemwita Little Jimmy. Desemba 1949 walirekodi kwa kampuni ya Decca wimbo uitwao *Everybody's Somebody's Fool*, na mwaka 1950 ukapanda hadi nafasi ya sita kwenye chati ya muziki wa Weusi. Ndiyo maana sikubali kwamba watu hawakuielewa sauti hiyo. Walielewa, na wakatoa pesa mfukoni. Tatizo ni kwamba lebo ya sahani ilimtaja Hampton, na jina la Scott halikuwepo. Jina la Gladys Hampton, mke wa kiongozi wa bendi, lilipata nafasi kwenye orodha ya watunzi. La mwimbaji lilikosa.

Mwaka 1950, klabu ya Birdland jijini New York, Scott alipanda jukwaani pamoja na mpiga saksofoni Charlie Parker akaimba *Embraceable You*. Mtu alirekodi. Rekodi hiyo ilipokuja kutolewa kwenye santuri mwaka 1977, mwimbaji alitajwa kuwa Chubby Newsome, ambaye ni mwanamke. Fikiria: umeimba na Parker mwenyewe, ushahidi upo, halafu sifa inaandikwa kwa mtu mwingine ambaye hakuwepo ndani ya wimbo.

Mwaka 1955 Scott akasaini na Savoy. Hapo angalau jina lilichapishwa, na katika miaka ile na iliyofuata zilitoka rekodi nzuri za nyimbo za taratibu. Lakini kampuni ilikuwa haitumii fedha, vyombo vilikuwa vichache, na Lubinsky alimtaka aimbe vitu vyepesi vya kuchezeka kwenye mashine za sahani za baa. Scott akatoka kidogo, akarekodi kwa kampuni ya King mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha akarudi Savoy. Kutoka na kurudi huko ndiko kulikomfanya aamini kwamba mlango uko wazi. Alipoitikia wito wa Ray Charles alijiona mtu huru.

Hapa ndipo panapotakiwa kueleza namna mikataba ile ilivyofanya kazi, kwa sababu wengi hufikiri kampuni ikikushikilia lazima ikutumie. Sivyo. Mkataba wa kipekee wa miaka ile ulimbana mwimbaji asirekodi kwingine kwa muda fulani, na mara nyingi haki ya kuongeza muda ilikuwa mikononi mwa kampuni peke yake. Kampuni ingeweza kukaa bila kukuingiza studio na bado ikaendelea kukuhesabu kuwa mtu wake. Tena haikuhitaji kushinda kesi. Barua ya wakili kwa msambazaji ilitosha, maana msambazaji ana mamia ya santuri za kuuza na hana sababu ya kujiingiza kwenye mgogoro kwa ajili ya moja. Mwenye hasara ni mwimbaji, ambaye ndiye hana fedha za wakili.

Je, Ray Charles angeweza kupigana? Uwezo alikuwa nao. Santuri zake zilisambazwa na ABC-Paramount, na kampuni kubwa haikosi mawakili. Ila tazama hesabu kwa macho ya karani wa kampuni: upande mmoja, kesi ya miezi mingi, upande wa pili, santuri ya mwimbaji ambaye wimbo wake uliouzika zaidi haukuwa hata na jina lake. Na jalada la santuri yenyewe lilionyesha wapenzi wawili, mwanamume na mwanamke, ambao hakuna kati yao aliyekuwa Jimmy Scott. Sura yake haikuonekana hata kwenye kazi yake mwenyewe. Angekuwa na mashabiki milioni moja wanaomjua kwa jina na sura, nadhani hesabu ingetoka tofauti. Kufutwa kwa jina mwaka 1950 ndiko kulikorahisisha kuzikwa kwa santuri baada ya 1962. Ndiyo maana nasema Lubinsky peke yake hatoshi kuwa maelezo.

Jambo lilijirudia. Mwaka 1969 mtayarishaji Joel Dorn alimpeleka Atlantic, kampuni kubwa ya wakati huo, wakarekodi *The Source*. Studio walikuwepo Ron Carter kwenye besi, Junior Mance kwenye piano, David "Fathead" Newman kwenye saksofoni. Humo ndimo alimoimba *Sometimes I Feel Like a Motherless Child*, ule wimbo wa zamani wa Weusi wa Marekani kuhusu mtoto asiye na mama. Ukikumbuka yaliyompata akiwa na miaka 13 utategemea alie. Halii. Anauimba polepole kupita kiasi, kila neno amelishika mkononi analigeuza, na sauti haitetemeki pale unapotarajia itetemeke. Inatetemeka mahali pengine, kwenye silabi ambayo mwimbaji mwingine angeipita haraka. Sijui rekodi nyingine ya wimbo huo inayonifanya nikae nusu saa bila kutaka kusikiliza kitu kingine.

Lubinsky akaja tena na madai yaleyale. Atlantic hawakuisukuma santuri, ikafa. Na jalada? Safari hii waliweka uso wa mwanamke. Mwaka 1972 Scott alirudi Atlantic akarekodi nyimbo nyingine, nazo zikawekwa kabatini mpaka 1993. Mwaka huohuo wa 1972 kijana Michael Jackson alitoa *Everybody's Somebody's Fool* kwenye santuri yake ya *Ben*. Wimbo ulikuwa unazunguka dunia nzima, aliyeupa uhai alikuwa hasikiki.

Mtu anayepinga maelezo yangu atasema: mbona waimbaji wengi wa balada, yaani nyimbo za taratibu za mapenzi, walisahauliwa bila mkataba wowote wa kuwabana? Ni kweli, na mfano mzuri ni Johnny Hartman. Sauti ya Hartman ya baritoni ilikuwa nzito na laini, na alikuwa na kila kilichotakiwa, lakini aliishi chini ya kivuli cha wengine mpaka alipofariki mwaka 1983. Tofauti ni hii. Tarehe 7 Machi 1963 Hartman aliingia studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, pamoja na mpiga saksofoni John Coltrane, wakarekodi nyimbo sita tu. Santuri hiyo iliachwa dukani. Kizazi baada ya kizazi kiliikuta, na mwaka 1995 nyimbo za Hartman zilipotumika kwenye filamu *The Bridges of Madison County*, watu walioguswa waliweza kwenda kununua. Hartman alikufa bila umaarufu aliostahili, lakini kazi yake iliendelea kumtafutia wasikilizaji. Santuri ya Scott na Ray Charles, ya kipindi kilekile, haikupewa nafasi hiyo. Kwa mpiga bendi ya dansi, kukosa santuri ni hasara ya fedha, kwani ukumbi bado upo. Kwa mwimbaji wa balada, ambaye wasikilizaji wake wako sebuleni usiku, santuri ndiyo ukumbi wenyewe.

Scott alirudi Cleveland. Alifanya kazi za kawaida za watu: mhudumu wa wodi hospitalini, mwendesha lifti, karani wa mizigo hotelini. Waandishi wa Marekani hupenda kuipamba sehemu hii, mfalme aliyefichwa miongoni mwa wagonjwa. Mimi naiona kwa ukavu zaidi. Ni mtu aliyekuwa na kodi ya kulipa. Umri ambao mwimbaji wa jazi kwa kawaida hukomaa, kati ya miaka 40 na 60, kwake haukuacha karibu alama yoyote ya kusikilizwa. Mwaka 1975, Lubinsky akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, Scott alitoa santuri nyingine chini ya jina la Savoy ileile, na haikubadilisha kitu.

Kurudi kwake kulianzia redioni. Katikati ya miaka ya 1980 kituo cha WBGO cha Newark kilimpa nafasi hewani, wazee waliokuwa wakimkumbuka wakashtuka kusikia yuko hai, na vilabu vya eneo hilo vikaanza kumwita. Aliyehangaika zaidi kwa niaba yake ni Doc Pomus, mtunzi wa nyimbo, rafiki yake wa tangu enzi za zamani, aliyeandika na kusema wazi kwamba ni aibu mtu kama huyu kukosa mkataba. Maneno yake hayakuzaa matunda alipokuwa hai. Pomus alifariki Machi 1991. Kwenye mazishi Scott aliimba *Someone to Watch Over Me*, Dr. John akiwa kwenye kinanda, na miongoni mwa waombolezaji alikuwapo Seymour Stein, mkuu wa kampuni ya Sire. Stein akamsainisha. Miezi mitatu baada ya kifo hicho, Juni 1991, televisheni ya Marekani ilionyesha sehemu ya mwisho ya tamthilia ya *Twin Peaks*, na Scott yumo, anaimba ndani ya chumba chenye mapazia mekundu. Watazamaji wengi hawakujua ni nani.

Wimbo alioimba mazishini ulikuwemo kwenye santuri iliyozikwa ya Tangerine. Santuri mpya, *All the Way*, ilitoka 1992 ikitayarishwa na Tommy LiPuma, na wimbo huo umo tena. *Embraceable You* nao umo, ule uliopewa jina la mtu mwingine. Ron Carter na Fathead Newman, waliokuwepo Atlantic mwaka 1969, wapo tena. Sijui kama walipanga hivyo kwa makusudi, ila ukiitazama orodha ya nyimbo unaona mtu wa miaka 66 anayekusanya mali yake iliyotawanyika. Santuri iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba kisa kiliisha vizuri. Sauti ya 1992 imechakaa pembeni. Subira ipo, hata imezidi, lakini pumzi zile ndefu za 1962 hazipo, na mara nyingine vyombo vinamfunika kama vile watayarishaji waliogopa kumwacha wazi. Aliendelea kurekodi hadi miaka ya 2000, akazunguka Ulaya na Japani, ambako kumbi zilijaa. Mwaka 2007 alipewa heshima ya Jazz Master, ambayo ni ya juu kabisa kwa wanajazi nchini Marekani. Alifariki Las Vegas tarehe 12 Juni 2014, akiwa na miaka 88. Mwimbaji Nancy Wilson alisema waziwazi kwamba namna yake ya kuimba aliitoa kwa Scott, na ukisikiliza anavyomalizia mistari huhitaji ushahidi zaidi. Hizo ni heshima za kweli, ila hazirudishi miaka ishirini.

Santuri ya Tangerine hatimaye ilichapishwa upya mwaka 2002, kwa nakala chache za wakusanyaji, Scott akiwa bado hai kuishika. Kwa anayetaka kuanza kumsikiliza, ushauri wangu ni aanze na hiyo. *The Source* iwe ya pili, na ukikosa nakala yake, tafuta *Lost and Found*, mkusanyo wa 1993 uliounganisha sehemu yake na nyimbo za 1972. *All the Way* ni nzuri zaidi ukiifikia baada ya hizo mbili, maana utajua anachokitafuta. Rekodi za Savoy ziache mwisho: kuna nyimbo kadhaa za dhahabu humo, lakini utalazimika kuvumilia vitu vyepesi ambavyo Lubinsky alivitaka.